Maisha Binafsi ya Nani?

Makala hii nimeiahirisha mara nyingi, wasomaji wenzangu. Kila nikishika kalamu naisikia sauti ya mzee mmoja wa kanisa ikiniambia, "Mwanangu, mambo mengine yaache yalale." Leo nimeamua kuyaamsha, na atakayekereka anijibu katika kurasa hizi hizi.

Mambo yalianzia kijiweni, Maili Moja, Kibaha, kwa muuza kahawa ambaye tunakaa kwake jioni tukitafuna kashata na kubishana. Kijiwe chetu ni cha mpira na dini. Siku hiyo mpira uliisha mapema, tukaingia dini. Mimi nikaanza kujitapa. Nikawaponda wachungaji wa siku hizi, nikasema sisi Walutheri kanisa letu lina historia yake, halikuanzishwa na mtu aliyeota ndoto usiku, asubuhi akaenda kununua spika. Mshikaji wangu mmoja, Mwislamu, mtu wa vitabu kweli kweli, akaweka kikombe chini akanitazama.

"We Mlutheri wa Kisarawe," akasema, "unamjua aliyeanzisha misheni yenu? Carl Peters. Mkono wa Damu. Alimnyonga hawara yake. Sasa unaniletea habari za historia?"

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Nami nikacheka, lakini kicheko changu kiliishia kooni. Mimi ni mtoto wa Kisarawe. Bibi yangu mzaa mama alibatizwa Maneromango, na kwetu neno misheni lilitamkwa kwa heshima kama jina la marehemu babu. Nikaenda kusoma, nikitumaini kumkuta mshikaji na uongo. Sikumkuta na uongo.

Nilichokikuta ni hiki. Mwaka 1886, mjini Berlin, ilianzishwa jumuiya ya misheni kwa ajili ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Miongoni mwa waliokuwa mstari wa mbele kuianzisha alikuwamo Carl Peters, yule yule aliyepita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami mwishoni mwa mwaka 1884 akiwawekea machifu karatasi za Kijerumani watie alama, na Februari 1885 akapewa hati ya ulinzi na Kaisari. Jumuiya hiyo ndiyo iliyomtuma Johann Jakob Greiner, aliyefika Dar es Salaam mwaka 1887. Mwaka 1892 misheni ilipanda vilima ikafungua kituo Kisarawe, na mwaka 1895 ikafika Maneromango. Mwaka 1903 vituo hivyo vikakabidhiwa kwa jumuiya nyingine ya Berlin, kongwe kuliko ile ya kwanza. Kwa njia hiyo ndefu ndipo ulipotoka Ulutheri wetu wa Pwani, ambao ni sehemu ya KKKT iliyoundwa mwaka 1963.

Sasa upande wa pili. Mwaka 1891 Peters alipelekwa Kilimanjaro kuwa kamishna wa serikali ya Kijerumani. Huko aliishi na wasichana wa Kiafrika, na mmoja wao aliitwa Jagodjo. Oktoba 1891 alimnyonga mtumishi wake, Mabruk. Kosa lililotajwa lilikuwa wizi. Kilichosemwa na watu ni kwamba kijana huyo alitembea na msichana wa bwana mkubwa. Jagodjo akatoroka. Akakamatwa, akachapwa viboko, na Januari 1892 naye akanyongwa. 

Machi 1896 mbunge August Bebel alilimwaga jambo hili katika bunge la Ujerumani. Ni kweli kwamba barua moja aliyoitegemea Bebel baadaye ilionekana si halali, na wapambe wa Peters waliishikilia kama ngao. Lakini barua ikiwa ya kughushi, walionyongwa hawafufuki. Kunyongwa kwao hakuna aliyekukana, hata Peters mwenyewe. Yeye alibishia sababu tu. Mwaka 1897 mahakama ya nidhamu ikamfukuza kazi. Jela hakuingia. Mwaka 1905, mwaka ule ule ilipozuka vita ya Maji Maji, Kaisari alimrudishia cheo chake cha heshima, na mwaka 1937 Hitler akamsafisha kabisa ingawa alikuwa kaburini tangu 1918.

Hebu ziweke tarehe mbili pamoja. Mwaka 1892 msichana ananyongwa Kilimanjaro. Mwaka 1892 kituo cha Injili kinafunguliwa Kisarawe. Mtu mmoja ana mkono wake katika historia zote mbili.

Je, mimi niache kanisa?

Wapo watakaosema ndiyo, na hoja yao ni nyepesi kama pamba: mti huujua kwa mzizi wake, mzizi umeoza, basi na tunda limeoza. Hoja hii inapendwa sana vijiweni kwa sababu inamaliza ubishi bila mtu kufikiri. Mkatoliki humtupia Mwanglikana: kanisa lako limeanzishwa na mfalme aliyetaka mke mpya. Na kweli, Henry wa Nane wa Uingereza aligombana na Papa kwa sababu ya ndoa, mwaka 1534 akajitangaza kichwa cha kanisa la nchi yake, akaoa wake sita jumla, wawili kati yao akawakata vichwa. Haya yote ni kweli. Basi nenda Minaki, hapo hapo Kisarawe, ambako mwaka 1925 Waanglikana wa UMCA walihamishia chuo chao cha Mtakatifu Andrea kutoka Kiungani, Unguja. Waulize waliosoma pale enzi hizo kama walifundishwa hisabati na sala kwa idhini ya tamaa za mfalme Henry. Watakucheka. Wengi wao hata habari zake walizisoma baadaye, katika kitabu cha historia.

Kosa la hoja ya mzizi ni kwamba inachanganya aliyeleta na kilicholetwa. Tarishi mlevi akikuletea barua ya mama yako, barua haiwi ya mlevi. Utamlaumu tarishi kwa ulevi wake, utamshitaki ikibidi, lakini barua utaisoma, na ukiona ni mwandiko wa mama utalia.

Na hili wala si jambo jipya kwetu Waafrika. Lilibishaniwa Afrika, na Waafrika, miaka 1,700 iliyopita. Karthago, katika Tunisia ya leo, baada ya mateso ya Kaisari Diocletian yaliyoanza mwaka 303, kulikuwa na maaskofu waliotuhumiwa kwamba walisalimisha Maandiko yachomwe moto ili kuokoa roho zao. Wakristo wengi wakasema: ubatizo wa mkono wa msaliti si ubatizo. Wakajitenga, wakaitwa Wadonatisti. Waliopinga msimamo huo walipata msemaji wao mkubwa katika Augustino, askofu wa Hippo, katika Algeria ya leo. Alijibu kwamba anayebatiza hasa ni Kristo, na mkono wa mhudumu, hata ukiwa mchafu, hauwezi kukichafua kilicho cha Kristo. Nimeisoma hoja hiyo nikaona inanitosha. Bibi yangu hakubatizwa kwa jina la Peters.

Tena tuseme na hili, maana wanaoitetea misheni na wanaoiponda wote hulisahau. Waliolisimamisha kanisa Uzaramo si mabwana wa Berlin peke yao. Kulikuwa na watu waliotoka utumwani wakawa walimu na viongozi. Martin Ganisya, ambaye aliwahi kuwa mtumwa, alikuwa kiongozi wa Walutheri wa Dar es Salaam na Uzaramo. Ukitaka kunitajia mwanzilishi, nitajie na huyo.

Kuna mwanzilishi mmoja tu ambaye maisha yake yakitikisika imani yote inatikisika, naye ni Yesu mwenyewe. Paulo alilisema waziwazi kwa Wakorintho, kwamba kama Kristo hakufufuka basi tunapoteza muda. Ndiyo maana vijana wengi walihangaika ilipotoka riwaya ya Dan Brown mwaka 2003, eti Yesu alikuwa na mke, Maria Magdalena. Mwaka 2012 kikatangazwa na kipande cha mafunjo chenye maneno ya Yesu kumtaja mke wake. Kufikia mwaka 2016 hata profesa aliyekitangaza alikubali kwamba yaelekea ni cha kughushi. Mimi sikuhangaika hata kidogo. Kuoa si dhambi, na Injili nne hazina habari hiyo. Habari ya kunitisha ingekuwa nyingine kabisa: kwamba alimdhulumu mtu aliyekuwa mnyonge wake. Hiyo hakuna adui wake hata mmoja aliyewahi kuileta, na maadui hakuwakosa.

Kwa hiyo mshikaji wangu wa kijiweni nimemjibu. Nilirudi siku ya pili na haya yote, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniagizia kahawa. "Sawa," akasema, "umejibu mimi. Sasa kawajibu wa kwenu." Sikumwelewa siku hiyo. Nilimwelewa nilipokwenda Kisarawe.

Safari ya Kibaha kwenda Kisarawe, kwa tusio na gari, ni ya kuingia Dar na kutoka tena. Unashuka Mbezi, unahangaika mpaka Gongo la Mboto, unapanda kupitia Pugu. Njiani nilikuwa napanga jinsi ya kumweleza bibi. Nilimkuta barazani anamenya mihogo. Nikamweleza taratibu, habari za Berlin, za Kilimanjaro, za Mabruk na Jagodjo. Nilidhani nitamuumiza. Nilikuwa nimeshaandaa na maneno ya kumfariji, habari za Augustino na kadhalika. Bibi aliendelea kumenya. Kisha akauliza swali moja:

"Na huyo msichana, mume wangu, nani alimzika?"

Sikuwa na jibu. Na hapo, wasomaji wenzangu, ndipo niliposhikwa na aibu. Nilikuwa nimesoma, nimebishana, nimenukuu maaskofu wa Hippo, na muda wote nilikuwa naulizia mambo mawili tu: Peters alikuwa mtu wa namna gani, na imani yangu mimi itakuwaje. Jagodjo nilimtumia kama ushahidi. Bibi yangu, ambaye shule aliishia darasa la nne, ndiye aliyemwona kuwa ni mtu, maiti ya mtu, inayohitaji kuzikwa.

Sasa nije kwa wa kwetu. Kuna watu wa kundi la pili, ambao ni wastaarabu kuliko wale wa kijiweni, na ndio ninaogombana nao hasa. Hawa ukiwaambia habari za Peters, au za Henry, au za mwanzilishi yeyote, hujibu kwa sauti ya upole: "Hayo ni maisha yake binafsi. Hayatuhusu. Sisi tunaangalia kazi ya Mungu." Vijana wasomi nao wamelidaka neno hili. Ukihoji, wanakuambia una mambo ya umbea, hujakomaa, huko Ulaya watu hawafuatilii maisha binafsi ya mtu.

Binafsi ya nani, jamani?

Kitanzi kile Kilimanjaro kilifungwa kwa amri ya kamishna, kwenye kituo cha serikali, mbele za watu. Ubinafsi wake uko wapi? Msichana aliyetolewa kwao akawekwa katika nyumba ya mtu mwenye bunduki, asiyeweza kukataa na akikimbia anafuatwa, hayo ni maisha binafsi ya nani? Anne Boleyn alikatwa kichwa mwaka 1536 kwa hukumu ya mahakama ya mfalme. Lile ni jambo la chumbani? Neno binafsi ni pazia zuri sana. Mwenye nguvu hulivuta, sisi waungwana tukageuza nyuso kwa adabu, na aliye nyuma ya pazia pamoja naye hana wa kumsikia.

Lingekuwa neno la haki kama lingetumika kwa wote. Lakini tazama makanisani kwetu. Binti akipata mimba kabla ya ndoa, je, huwa tunasema ni maisha yake binafsi? Thubutu! Anatengwa, haruhusiwi Meza ya Bwana, na siku ya kurudi kundini anasimamishwa mbele ya kanisa, jina lake linasomwa, wenzake wa kwaya wanamtazama kanga ilivyopanda tumboni. Mimba yake ni mali ya usharika mzima. Mimba ile ile, upande wa aliyeitia, ikiwa mwenyewe ni mkubwa, inaitwa maisha binafsi. Dhambi moja, vitabu viwili.

Haya sisemi kwa kusikia. Kuna kanisa moja, silitaji, lililoanzia chini ya turubai. Mwanzilishi wake alikuwa hodari, mhubiri wa kuwatoa watu machozi. Mimi nilikuwa nikialikwa kupiga kinanda pale siku za mikutano, napewa nauli na soda. Binti mmoja wa kwaya, sauti ya kwanza, akapata mimba. Dada yake aliwaendea wazee akamtaja mwanzilishi. Mwanzilishi akaitwa kwenye kikao, hakukana. Wazee wakakubaliana haraka: yeye aende mlimani wiki mbili kuomba, na binti atubu mbele ya kanisa, bila kutaja jina la mtu. Jumapili ile nilikuwepo. Nilikuwa najua, maana mtaa ule hakuna siri, na mzee mmoja alikuwa ameshaniweka kando, akaniambia yale maneno: "Mwanangu, mambo mengine yaache yalale. Hayo ni maisha yake binafsi. Usimguse mpakwa mafuta." Binti akasimama mbele. Alitubu kwa sauti ndogo. Kanisa likaimba. Kinanda nilipiga mimi.

Binti yule hakurudi tena kwenye kwaya, wala kwenye kanisa lolote kwa ninavyojua. Mwanzilishi alirudi kutoka mlimani, akahubiri kuhusu msamaha. Imani ya nani iliokolewa na ukimya wetu? Ya kwake binti? Tulisema tunaulinda wokovu wa wengi, tukaanza kwa kumpoteza mmoja ambaye tulimjua kwa jina.

Na mnaodhani natia chumvi, mkumbuke tulikotoka hapa Afrika Mashariki. Kanungu, Uganda, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya watu waliteketea ndani ya kanisa la kundi la akina Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde. Katika kundi lile waumini waliuza mali zao, walikatazwa hata kuongea, mume alitenganishwa na mkewe. Shakahola, kaunti ya Kilifi, mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa porini, na mhubiri Paul Mackenzie, mwanzilishi wa kanisa lililohusishwa na vifo hivyo, akashtakiwa, naye akakana mashtaka. Mahakama ni ya kuamua lake. Mimi nasema moja tu: palipo na mwanzilishi asiyeulizwa, maisha ya muumini huwa wazi kama sokoni, ndoa yake, tumbo lake, akiba yake, na maisha ya mwanzilishi huwa yamefungwa kufuli. Asiyehojiwa kuhusu kitanda chake leo, kesho hahojiwi kuhusu kaburi lako.

Watanijibu: Biblia inatuambia tufunike aibu ya wazee wetu. Hebu tuifungue hiyo Biblia. Daudi ni mwanzilishi, tena mkubwa, baba wa ufalme, mtu wa zaburi. Alimchukua mke wa askari wake, kisha akapanga mumewe auawe vitani. Biblia ilifanya nini? Ilimtuma nabii Nathani nyumbani kwa mfalme amwambie usoni. Ikaiandika habari yote. Na vizazi vingi baadaye, Mathayo alipokuwa anaorodhesha ukoo wa Yesu Kristo, pale pale ukurasa wa kwanza wa Agano Jipya, mahali ambapo mwandishi yeyote wa kitabu cha jubilei angepaka chokaa, alipofika kwa Daudi hakusema tu kwamba Sulemani alizaliwa na Bathsheba. Alimtaja mama kama aliyekuwa mke wa Uria. Jina la aliyeuawa limewekwa ndani ya ukoo wa Mwokozi, na linasomwa mpaka leo kila panaposomwa ukoo huo. Imani yetu haikuanguka. Ilijengwa na wino huo huo.

Augustino naye, yule yule niliyemtegemea kijiweni, aliandika maungamo yake mwenyewe akiwa askofu, akaeleza kwamba aliishi na mwanamke miaka mingi bila ndoa, wakapata mtoto, Adeodatus, kisha mwanamke huyo akaondolewa ili Augustino aoe mke wa hadhi. Alijianika mbele ya watu wote. Namheshimu kwa hilo. Lakini jina la yule mwanamke hakuliandika popote, na mpaka leo hatulijui. Hata mtu mkweli kama yule alisahau swali la bibi yangu.

Basi ninachokidai ndicho hiki. Kwanza, tuache kujidanganya kwamba dhambi ya mwanzilishi inaibatilisha Injili. Haiibatilishi, na anayesema hivyo hajui Injili ni nini. Pili, tuache kujidanganya kwamba dhambi hiyo haituhusu. Inatuhusu kwa sababu upande wa pili wa dhambi hiyo kuna mtu, na huyo mtu Kristo alimfia pia. Kanisa lisiloweza kulitamka jina la Jagodjo katika kumbukumbu zake haliitetei imani, linalinda picha ya ukutani. Vitabu vya jubilei viandikwe upya. Karibu na jina la Greiner liwekwe la Ganisya, na mahali panapotajwa waliounda jumuiya ile mwaka 1886, watajwe Mabruk na Jagodjo, mstari mmoja tu, unatosha. Na binti akirudi kundini, aliyempa mimba asimame pembeni yake, awe fundi baiskeli, awe mwanzilishi. Hilo likishindikana, tusimsimamishe na binti.

Tatu, nawageukia ninyi, waandishi chipukizi wenzangu, maana haya ni magazeti yetu. Wengi wetu shilingi ya kwanza ya kalamu tumeipata kwa kuandika risala za usharika, historia fupi za kanisa, wasifu wa mchungaji anayestaafu. Tunajua jinsi zinavyoandikwa. Mzee anakuambia, "Hapo ruka," nawe unaruka, maana bahasha iko kwake. Nimeruka sana mimi. Kuanzia leo siruki. Wakikataa kuchapa, nitasoma kijiweni, Maili Moja, kahawa ikiwa moto.

Na kwa yule dada wa sauti ya kwanza, popote ulipo, kama gazeti hili litakufikia: jina lako sikulitaja, kwa kuwa hilo ni lako, ndilo lililokuwa binafsi kweli, na ndilo tulilolitangaza. Kinanda kile nilikipiga mimi. Nisamehe.